Kwa Niaba ya Daktari Kabula

Iko nchi moja ambayo jina lake nalijua vizuri, ila silitaji, kwa sababu bado nahitaji kutibiwa humo. Ni nchi nzuri tu. Ina mito, ina bendera, ina wizara nyingi kuliko mito. Watu wake wana adabu, na adabu yao kubwa kuliko zote ni kwamba mtu mzito haendi mahali mwenyewe. Anawakilishwa.

Desturi hii ilianza zamani, waziri mmoja alipoalikwa kuzindua choo cha shule, akaumwa tumbo, akamtuma katibu wake asome hotuba. Katibu akasoma neno kwa neno, "Mimi kama waziri wenu nimefurahi sana kuwa nanyi hapa leo," na watu wakashangilia. Waziri aliposikia kwamba makofi ya siku ile yalizidi yale anayopigiwa akiwapo, alikaa akafikiri. Hakuonekana tena hadharani, na heshima yake ikapanda mpaka daraja likapewa jina lake. Wenzake nao si wajinga. Muda si mrefu kila mheshimiwa alikuwa na mwakilishi, na kila mwakilishi, akishapata gari, alitafuta wa kumwakilisha yeye. Siku hizi ukienda mkutanoni unaweza kumkuta dereva wa msaidizi wa naibu anasema "sisi kama serikali", na anasema vizuri tu, sauti inatoka, huwezi kumlaumu. Hata harusini mambo ni hayo hayo. Binti wa mkuu wa mkoa mmoja alivishwa pete na afisa utumishi wa bwana harusi. Alilia kidogo, akaambiwa itifaki imezingatiwa, akanyamaza.

Katika nchi hiyo alikuwepo Daktari Kabula Masunga, na kasoro yake ilikuwa moja: alizoea kwenda mwenyewe.

*

Kabula alifanya kazi wodi ya watoto wachanga, hospitali ya mkoa. Alikuwa na shahada ya uzamivu, mgongo unaouma, na barua ya kujitolea ambayo kila mwaka ilipigwa muhuri mpya. Jambo lililomnyima raha lilikuwa ugonjwa wa manjano. Watoto wengi huyapata kidogo, yakapita yenyewe. Lakini kwa wengine hupanda, na yakipanda mpaka kwenye ubongo, basi tena. Kwenye ngozi nyeusi huyaoni mapema. Mama anaona mtoto anang'aa, mashangazi wanasifu kwamba huyu atakuwa mweupe, mpaka siku anapolegea na kukataa ziwa.

Akifika hapo, dawa yake ni kumbadilisha damu: ya zamani inatolewa kidogo kidogo, mpya inaingizwa kidogo kidogo, na ukikosea kidogo kidogo hiyo umemuua. Ni kazi ya mikono. Kabula alikuwa ameisoma vitabuni mpaka kurasa zikalegea, lakini hajawahi kusimamiwa na mtu anayeijua, na nchi nzima hakuwepo anayeijua. Alikuwa amewarudisha kina mama wengi nyumbani na khanga tupu. Alichoka, jamani. Alichoka uchovu usioisha kwa kulala.

Ndipo Baraza likatangaza Tuzo ya Mafunzo ya Utafiti wa Afya kwa Wenye Uzamivu. Miaka miwili ng'ambo kwa mabingwa, ujifunze kubadilisha damu, utafiti njia ya kuyagundua manjano mapema, kisha urudi ujengewe kitengo chenye taa za tiba. Kabula aliposoma tangazo hilo alikaa chini. Tuzo ilikuwa ni yake, imekatwa kwa kipimo chake. Ila walitaka watu waliopata uzamivu karibuni, na yeye mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Ukipita tu, anahesabiwa mkongwe wa utafiti, naye utafiti wenyewe hajauanza.

Masharti yalikuwa ya kawaida. Mwombaji athibitishe kwamba kitaaluma anajitegemea kabisa, kisha athibitishe kwamba bila mlezi hawezi kitu. Awe na uzoefu mkubwa wa jambo ambalo hajawahi kufundishwa. Awe na hospitali iliyokubali kumpokea, na hospitali ilikuwa ikimpokea mwenye tuzo tu. Nenda rudi, njoo kesho, mkubwa katoka kidogo. Mwisho Baraza likataka maoni ya walengwa wenyewe, yaani watoto wa siku mbili tatu. Kabula alieleza kwamba hawa bado hawasemi. Baraza likamjibu kwamba kutosema si sababu ya kutoshirikishwa, likamteua kanali mmoja mstaafu, mwenye meno ya bandia, awawakilishe watoto wachanga wote wa nchi. Kanali alisema watoto wanauunga mkono utafiti huu kwa asilimia mia, na kwamba wangefurahi pia kuona barabara ya kwenda shambani kwake imewekwa lami.

*

Siku ya usaili Kabula alipiga pasi gauni lake la kitenge mpaka kola, akalivaa, akaenda kwenye jengo la vioo la Baraza. Chumbani aliwakuta wajumbe wamekaa nyuma ya chupa za maji. Katikati alikuwa Bi. Eufrasia, mama mnene wa heshima, aliyekuwa akimwakilisha makamu mwenyekiti, aliyekuwa akimwakilisha mwenyekiti, ambaye inasemekana yupo.

"Karibu," alisema Bi. Eufrasia bila kuinua macho. "Unamwakilisha nani?"

"Simwakilishi mtu, mama. Shikamoo. Mimi ndiye Kabula."

"Kabula yupi?"

"Mwombaji. Yule wa manjano ya watoto."

Mjumbe mmoja akaweka chupa yake chini. Bi. Eufrasia akavua miwani.

"Unataka kuniambia umekuja mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Sauti ilikuwa imeshuka ghafla, ile sauti ya kuongea na mfiwa. "Kwenu hakuna watu?"

"Wapo."

"Mmegombana?"

"Hapana, mama. Nilidhani usaili ni wangu."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaguna, mwingine akakohoa kumfichia aibu.

"Sasa ona unavyotuweka pabaya," alisema Bi. Eufrasia. "Sisi hapa ni wawakilishi. Mwakilishi anaongea na mwakilishi mwenzake. Tukiongea na mtu mwenyewe tunavuka mipaka yetu. Itakuwaje ukisema jambo la kweli hapa? Nani ana mamlaka ya kulisikia?"

"Lakini maswali yanahusu utafiti wangu. Nani mwingine atayajibu?"

"Hilo usijali, majibu huwa yanapatikana. Na ngoja nikwambie kama mama yako. Mtu akija mwenyewe, sisi tunachokiona ni mtu asiye na kazi. Mjumbe huyu hapa aliwahi kumkataa bingwa wa moyo kwa sababu hiyo hiyo. Tunakupa mpaka Alhamisi. Lete mtu."

Kabula alitaka kusema jambo, akaona halina wa kulisikia. Akashukuru, akatoka.

*

Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yake, Lushinge, mume wa dada yake. Kazi yake ilikuwa kusherehesha harusi. Mji mzima ulimjua: akishika kipaza sauti hata wakwe waliogombana watacheza. Alikuwa na roho nzuri na suti ya rangi ya zambarau, na damu ya kuku tu ilimtoa jasho.

"Mimi?" alisema Lushinge. "Shemeji, mimi sayansi nilipata sifuri, mwalimu akanionea huruma hata ile sifuri akaifuta."

"Sina mwingine. Ni kujibu maswali tu. Nitakufundisha."

"Haya, fundisha."

"Kitu kinacholeta manjano kinaitwa bilirubini."

"Bili nani?"

"Bilirubini."

"Jina zuri. Ningekuwa nalitangaza ukumbini, bibi harusi Bilirubini, watu wote wangesimama."

Kabula akacheka, na kule kucheka kwenyewe kukamchosha. Walikaa jikoni kwa dada yake mpaka ugali ukapoa. Lushinge alikariri sentensi kwa sauti ya ukumbini, akazisahau kwa sauti hiyo hiyo.

Alhamisi Kabula alisubiri nje, kwenye benchi la korido. Mlango ulikuwa mwembamba, alisikia yote.

"Itifaki imezingatiwa!" ilikuja sauti ya Lushinge. "Meza kuu naona mmependeza! Meza kuu, oyee! Kabla sijasema lolote naomba makofi ya kilo kwa Bi. Eufrasia!"

Makofi yakalia. Kabula akafumba macho.

"Tueleze sasa," alisema Bi. Eufrasia, na sauti yake ilikuwa na tabasamu ndani, "mwombaji ana mapengo gani ya mafunzo?"

Lushinge alikuwa ameyasahau mapengo. Alikuwa na sentensi nzuri tatu juu ya mapengo, na zote zilimkimbia.

"Waheshimiwa," alisema mwishowe, "niseme ukweli mbele ya Mungu. Katika jambo hili sijui kitu. Si kwamba najua kidogo. Sijui kitu kabisa."

Huko ndani mtu mmoja akapenga kamasi. Alikuwa Bi. Eufrasia, analia.

"Hii ni tuzo ya mafunzo," aliwaambia wenzake, "na miaka yote wanatuletea watu ambao nusu ya mambo wanayajua tayari. Tuwafundishe nini hao? Wanatumalizia kazi kabla hatujaianza. Leo kwa mara ya kwanza tumempata mtu mwenye uhitaji."

Alipewa alama zote, na za ziada kwa kuchangamsha.

*

Kabula aliitwa apewe taarifa. Nakwambia alikwenda mbio, mgongo hakuusikia.

"Hongera sana, Daktari!" alisema Bi. Eufrasia. "Umeshinda. Ndege ya Bwana Lushinge ni Jumatatu."

Kabula akabaki na mkono hewani.

"Mama, si mimi niliyeshinda?"

"Ni wewe."

"Basi anayesafiri ni mimi."

"Ni wewe huyo huyo, ukiwakilishwa na Bwana Lushinge. Mwakilishi habadilishwi katikati ya tuzo, mwanangu. Tumeshamtambua."

"Na atakayejifunza ni nani?"

"Wewe! Kupitia kwake."

"Hii ni kazi ya mikono, mama. Lazima mikono yangu ifundishwe."

Bi. Eufrasia alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke.

"Mikono nayo ni sehemu ya mwili, Daktari. Na mwili mzima umeshawakilishwa."

Lushinge mwenyewe alipoambiwa alikataa katakata. Alisema hapandi ndege, hana koti la baridi, na kwamba hilo ni kama wizi na yeye si mwizi. Kabula alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshauliza: tuzo ikikataliwa inafutwa, na kitengo kinafutwa, na taa zinafutwa, na yeye mwakani ni mkongwe.

"Nenda, shemeji," alisema. "Angalau taa zitakuja. Fungua masikio, tazama wanavyofanya, uwe unanipigia."

"Na nisipoelewa?"

"Tazama tu."

Akaenda. Huko ng'ambo walimpenda, nani asiyempenda Lushinge? Alimpigia Kabula saa za chakula cha mchana, na Kabula aliacha sahani akasikiliza akiwa na kalamu mkononi.

"Leo mmefanya nini?"

"Leo tumebadilisha damu, shemeji! Kuna mshipa hapo kitovuni."

"Ndiyo, ndiyo. Mnaingiaje?"

"Taratibu."

"Taratibu vipi? Mnavuta kiasi gani kwa mara moja? Mtoto akianza kubadilika rangi mnafanyaje?"

Lushinge akasema kwa sauti ndogo, "Niliangalia pembeni. Nisamehe, Kabula. Kile kitoto kilikuwa kidogo mno."

Kabula akamwambia si neno, kesho atazame. Kesho yake alitazama, akaanguka, akawekewa yeye dripu. Picha zilikuja: Lushinge na koti jeupe, Lushinge na profesa, Lushinge anawafundisha wauguzi wa Kizungu kucheza kwaito kwenye sherehe ya idara. Alipomaliza walimpa cheti cha mahudhurio. Na kwa kweli cheti hicho alikistahili kuliko mtu yeyote katika hadithi hii, maana alihudhuria mwenyewe.

*

Kitengo kikajengwa. Kuta nyeupe, mlango wenye utepe mwekundu, na ndani taa za bluu zikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni, kwa sababu kitu kisichozinduliwa hakifunguliwi. Viti vilipangwa uani, turubai likafungwa, spika mbili kubwa zikachomekwa kwenye soketi za kitengo. Mgeni rasmi alikuwa waziri, na aliyekuja kwa niaba yake alikuwa dereva wake, kijana mtaratibu, suti imemkaa.

Bi. Eufrasia alimfuata Kabula mapema.

"Daktari, usikae mbele. Mtu na mwakilishi wake hawaonekani uwanja mmoja, wananchi watachanganyikiwa. Leo wewe hupo."

"Nipo zamu, mama."

"Basi kuwa zamu huko nyuma."

Kabula akasimama nyuma, kwenye mlango wa kufulia. Mbele, Lushinge alikuwa akisoma hotuba: "Mimi, Daktari Kabula Masunga, nilipokuwa ng'ambo..." Alisoma bila mbwembwe hata moja, kichwa chini. Watu walipiga makofi hata hivyo.

Ndipo akaingia mama mmoja kwa lango la pembeni, viatu mkononi, khanga imemlowa jasho. Jina lake Kwandu. Alikuwa ametoka mbali kwa miguu na kwa lifti ya lori la mkaa, na mgongo wa mtoto wake ulikuwa umepinda kwa nyuma. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba, ya juu, sauti ambayo Kabula aliijua kabla hajageuka.

"Lete," alisema Kabula, akawa tayari anatembea. "Lini ameacha kunyonya?"

"Jana, dada. Niliambiwa hapa kuna taa."

Bi. Eufrasia akawazuia mlangoni, mikono ameitandaza, utepe uko nyuma yake.

"Jamani, jamani. Hapa bado hapajazinduliwa. Hotuba ziko tatu tu. Na wewe, Daktari, nilikwambia hupo. Mama, mgonjwa wa uzinduzi ameshaandaliwa, kanali yuko pale meza kuu kwa niaba ya watoto wote. Huyu wako anawakilishwa tayari."

Kwandu hakuelewa neno. Alimtazama Bi. Eufrasia, akamtazama mtoto.

"Mbona huyu anaumwa mwenyewe," alisema.

Kabula akapita chini ya utepe na mtoto. Alichana nailoni kwa meno, akawasha taa, haikuwaka, akachomoa spika akaichomeka taa. Uwanja ukawa kimya. Taa ikawaka bluu, nzuri, mpya, na Kabula alipomlaza mtoto chini yake alijua kwamba imechelewa, kwamba taa peke yake haitoshi tena, kilichobaki ni damu.

"Shemeji!" aliita. Lushinge alikuwa ameshaingia na suti yake ya zambarau, karatasi ya hotuba bado mkononi. "Kitovuni hapa. Walikuwa wanavuta kiasi gani? Wanaanza kutoa au wanaanza kuingiza? Niambie unachokumbuka. Chochote."

Lushinge alifungua mdomo. Mtu aliyenyamazisha kumbi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alifungua mdomo na machozi yakaanza kumtoka.

"Sikumbuki," alisema. "Kabula, walinionyesha wee, mimi sikuelewa. Walinishika mpaka mkono."

Kabula alifanya kwa kitabu. Alifanya taratibu, nesi akimshikia mfuko wa damu kutoka benki ya hospitali, Kwandu amekaa sakafuni anataja majina ya watu wa kwao. Alikosea kidogo kidogo ile ile. Nje spika zilichomekwa kwenye soketi nyingine na hotuba zikaendelea mpaka ya tatu. Ilipofika kwenye shukrani, mtoto alikuwa ameacha kulia, na Kabula akatoa mikono yake akaiweka juu ya meza, akaitazama tu.

*

Taifa liliguswa sana. Baraza lilituma mwakilishi mazishini, hospitali ikatuma wake, wizara ikatuma wake, na mwakilishi wa kanali akatoa salamu kwa niaba ya watoto wachanga. Dereva wa waziri hakuweza kufika, lakini alimtuma mdogo wake, aliyesoma vizuri sana: "Mimi kama waziri nimelia usiku kucha." Walimpa Lushinge kipaza sauti, maana ndiye mzungumzaji anayejulikana. Akakirudisha. Alisema hana la kusema, amekuja tu.

Magari yalikuwa mengi, watu walijaa mpaka barabarani. Lakini waliokuja wenyewe walikuwa Kwandu, na Kabula, na Lushinge, na mtoto.